Mwalimu, Wewe Pia Utaenda Lini?

Zamu hii ni yetu, vijana sita wa Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda. Wanne kati yetu tunasoma chuo, wawili bado wanatafuta nafasi. Sote ni Wakongo, na sote tumefundisha Kiingereza kwa kujitolea. Leo tunataka kusimulia jinsi tulivyowasema watu vibaya, halafu na sisi tukafanya kosa lile lile.

Kwanza, kwa nini Kiingereza. Sisi tulivuka mpaka wa Bunagana mwezi wa sita 2022, M23 walipouchukua mji ule. Tulilala Nyakabande kule Kisoro, kisha tukapakiwa kwenye mabasi mpaka hapa. Nyumbani tulisoma kwa Kifaransa. Hapa Uganda mtihani ni Kiingereza, tangazo ni Kiingereza, hata karatasi ya kliniki ni Kiingereza. Kijana aliyekuwa sekondari kule Rutshuru anarudishwa shule ya msingi, anakaa dawati moja na watoto wa miaka kumi, magoti yanagonga meza. Wengine wanavumilia. Wengine wanashindwa na aibu, wanaacha shule na kwenda kufanya lejaleja kwenye mashamba ya watu.

Kwa hiyo katikati ya 2023 tuliposikia kwamba wanafunzi wanne wa chuo wanakuja kutoka ng'ambo, kufundisha Kiingereza bure kwa wiki tano za likizo yao, tulifurahi sana. Darasa lilikuwa chini ya turubai, pembeni ya kanisa. Walikuja watoto, vijana na hata wamama wenye watoto mgongoni. Sisi tuliwekwa nyuma. Kazi yetu ilikuwa kutafsiri na kubeba viti.

Tuseme ukweli, walikuwa watu wazuri. Walikula posho na maharage kama sisi, na walijua kucheka. Lakini siku ya tatu, binti mmoja kati yao alichora mti ubaoni. Akaandika baba, mama, babu, nyanya. Akasema kila mtu achore mti wa familia yake, halafu asimame na kueleza kila mmoja yuko wapi.

Sisi wa nyuma tulijua mara tu mti ulipoanza kuchorwa. Tulinyamaza. Tulifikiri mwalimu ni yeye, sisi ni watafsiri tu.

Mama mmoja alichora matawi, akaweka biki chini, akachukua daftari lake akatoka. Siku ile hakurudi. Kijana mwingine aliweka misalaba kwenye matawi matatu, na yule binti, hajui lolote, akamwinamia na kumuuliza hizo alama ni za nini. Kijana akaangalia chini. Darasa zima likawa kimya, mpaka mtoto wa mtu akaanza kulia, na somo likaishia hapo.

Jioni yule binti alikuja kwetu, macho mekundu. "Mbona hamkuniambia?" Mmoja wetu akamjibu: "Dada, hukutuuliza." Lilikuwa jibu kali, na nusu yake tu ndiyo ilikuwa haki. Tungeweza kusema bila kuulizwa. Tangu siku hiyo alikuja saa nzima kabla ya darasa, tukawa tunapitia somo pamoja.

Hapo ndipo kazi ilianza kunoga. Kwa mfano, alikuwa anashangaa kwa nini wanafunzi wanasema "my mother, he is sick". Anasahihisha leo, kesho wanarudia. Alidhani hawasikilizi. Tukamweleza kwamba kwa Kiswahili yeye ni yeye tu, awe mama au baba. Ukisema "anaumwa", ile a- ya mwanzo haichagui mwanamke wala mwanaume. Mtu hajawahi kudaiwa jambo hilo na lugha yake tangu azaliwe, sasa utamlaumu vipi? Basi tukaacha kusahihisha na kukimbia. Tukamsimamisha mama mmoja mbele upande huu, baba mmoja upande ule, na kila sentensi ikabidi imwelekee mmoja wao kwa kidole. Watu walicheka mpaka wakashika.

Kifaransa nacho kilikuwa na mitego. Mtu anaambiwa "library" anafikiria duka la vitabu, kwa sababu kwa Kifaransa "librairie" ni duka. Anasema "actually" akimaanisha sasa hivi. Lakini Kifaransa hicho hicho kilikuwa pia akiba. Maneno kama table, village na information yanaandikwa sawasawa, sauti tu ndiyo inabadilika. Tulipoyaandika ubaoni, watu waliojiona sifuri wakagundua kumbe hawaanzi na mikono mitupu.

Na lile neno letu "pole" lilimtesa kweli. Mtu akijikwaa, wanafunzi wote wanamwambia "sorry". Yeye anauliza, mnaomba msamaha wa nini, nyinyi ndio mliomwangusha? Tukamwambia hapana, tunamwambia tumeona ameumia. Alikaa kimya kidogo, halafu akaliandika kwenye daftari lake.

Wiki ya tano ikafika. Ijumaa kulikuwa na soda, mandazi, nyimbo na picha nyingi. Wakaondoka.

Jumatatu saa tisa watu walikuja kwenye turubai kama kawaida, na madaftari yao. Walingoja. Hakuna aliyekuwa amewaeleza, kwa lugha wanayoielewa, kwamba ndiyo basi. "Goodbye" walikuwa wanaijua, lakini "goodbye" ilisemwa kila siku jioni. Kwao haikuwa na maana ya kwenda moja kwa moja.

Tulikasirika sana, jamani. Tukasema hawa watu wanakuja kupiga picha, wanaondoka, watu wetu wanabaki wameduwaa. Tukasema sisi ni wenyeji, sisi hatuendi popote. Siku hiyo hiyo mmoja wetu akachukua chaki, akaandika tarehe ubaoni na kuanza. Tukagawana siku: Jumatatu, Jumatano, Jumamosi. Chaki tulichanga wenyewe. Darasa likaenda miezi, na tukajisifu.

Halafu mwezi wa pili 2024 muhula wa chuo ukafunguliwa Mbarara. Wanne tukaondoka. Wawili waliobaki, mmoja alipata kazi ya kuendesha bodaboda ya mtu, mwingine alikuwa anamuuguza mama yake. Kila mmoja alidhani mwenzake atakwenda darasani. Hakuna aliyekwenda. Hatukumwambia mwanafunzi hata mmoja. Wiki tatu.

Tuliporudi siku moja ya mapumziko tukapita pale. Mtoto mmoja akatuambia bila hasira yoyote: "Tulifikiri na nyinyi mulikuwa bazungu, mumerudi kwenu." Tukacheka, lakini kicheko hakikutoka vizuri.

Akaja yule mama wa siku ya mti. Alikuwa amerudi darasani zamani, anataka kusoma karatasi za kliniki za mtoto wake bila kumpa mtu mwingine amsomee. Siku zote zile za wiki tatu alikuwa anakuja, anakaa kidogo, anaondoka. Akauliza: "Mwalimu, wewe pia utaenda lini? Uniambie mapema, nipange moyo wangu."

Hatukuwa na jibu. Maana tukijitazama, sisi ni nani? Ni wanafunzi wa chuo, tuko nchi ya watu, tunafundisha Kiingereza kwa kujitolea, na tunaondoka ratiba yetu ikitaka. Tofauti yetu na wale wanne ni pasipoti. Na wao angalau waliimba wimbo wa kuaga.

Tulikaa na wanafunzi wenyewe tukaulizana tufanye nini. Mambo matatu yalitoka, na hakuna hata moja la kutisha. La kwanza, siku ya kwanza ya kila duru tunaandika kwenye kona ya ubao tarehe ya mwisho, na haifutwi. La pili, kuna daftari moja kubwa la darasa. Anayefundisha anaandika somo limefika wapi na nani amekwama kwenye nini, ili mwingine akija aanzie hapo. Daftari halikai kwetu, linakaa kwa yule mama, kwa sababu nyumba yake iko karibu na yeye haendi Mbarara. La tatu, hakuna anayefundisha peke yake. Kila mwalimu ana mwenzake, na mwenzake huyo ni mwanafunzi aliyetangulia. Kila Jumamosi sasa, wageni wapya wanafundishwa herufi na majina ya mwili na mama huyo huyo. Anaanza na kichwa, anamalizia na sehemu ambazo daktari huziuliza.

Kwa ndugu zetu wa mashirika na kwa wanafunzi wa nje wanaofikiria kuja: njooni. Wiki tano si dhambi. Lakini kabla hujaleta somo, uliza ni nani alikuwa anafundisha hapa kabla yako, na ni nani atabaki na chaki. Usimweke nyuma kubeba viti. Mweke mbele ukae naye. Na sema tarehe yako ya kuondoka mapema, kwa lugha ya watu, siyo siku ya soda.

Kwa vijana wenzetu: mkiona mwalimu anakwenda kwenye shimo msilotaka aanguke, semeni. Sisi tulinyamaza siku ya mti, na mti ule bado unatuuma.

Yule binti bado anatuandikia. Tulimtumia picha ya daftari kubwa. Akajibu kwamba hakuwahi kujua kuwa ile Jumatatu watu walikuja. Tulimwambia pole. Hakuuliza tunaomba msamaha wa nini.

Kwenye kona ya ubao leo imeandikwa: mpaka Jumamosi, 30 Novemba. Mama ameshanakili.

Sisi vijana sita, Nakivale