Barua kutoka Leicester: Uso Usiseme



Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikicheka peke yangu ndani ya basi. Eti, "Shangazi, ni kweli kazi yako ni kuwafinya Wazungu matiti?" Najua aliyekuambia hivyo ni baba yako, na hajakosea sana. Lakini umesema matokeo yako ya kidato cha nne yana fizikia, kemia na baiolojia, na kwamba unataka kuifuata njia hii. Basi nitakujibu kwa urefu. Wasomaji wa safu hii waniwie radhi, leo nazungumza na mtoto wa kaka yangu.

Wiki hii gari letu limeegeshwa nyuma ya duka kubwa la vyakula, karibu na pale watu wanaporudisha vitoroli. Ni tela refu jeupe lenye ngazi, vyumba viwili vya kubadilishia nguo, meza na mashine moja. Mpango huu wa kupima matiti Waingereza waliuanza mwaka 1988. Mwanamke aliyesajiliwa kwa daktari wa mtaa wake, akishafika miaka ya hamsini, huandikiwa barua kila baada ya miaka 3 aje apigwe picha ya matiti, mpaka anapotimiza miaka 71. Haumwi. Hajaona uvimbe. Barua ndiyo inayomtafuta.

Kila mmoja ana dakika 6 hivi. Namuuliza jina, tarehe ya kuzaliwa na anwani, hata akiwa jirani yangu. Namuuliza kama ameona badiliko lolote, kama amepasuliwa titi, kama ana kifaa cha moyo kifuani. Anavua kuanzia kiunoni kwenda juu. Kabla sijamgusa namwambia nitamgusa wapi, ndipo naanza.

Picha ni 4, mbili kwa kila titi: moja kutoka juu kwenda chini, nyingine ya mshazari kuelekea kwapani. Hiyo ya mshazari ndiyo inayomtenga fundi na mwanagenzi. Mkono wa mama unalazwa juu ya mashine, bega linalegezwa, titi linainuliwa na kuvutwa mbele kwa kiganja, kisha bamba la plastiki linashuka na kiganja changu kinachomoka taratibu. Picha ikitokea kwenye kioo natafuta vitu viwili kwanza. Msuli wa kifua uwe umeshuka mpaka usawa wa chuchu, na mkunjo wa chini ya titi uwe umefunguka. Nisipoviona, kuna nyama iliyobaki nje ya picha, na huenda jambo lenyewe limo humo.

Kubana kwenyewe kuna maana. Titi likiwa bapa linahitaji mionzi kidogo, halitikisiki, na vilivyolaliana ndani yake vinaachana. Ni sekunde chache. Yanauma, sitakudanganya, atakayekuambia hayaumi ni mwanamume. Na kurudia picha ni kumpa mtu mionzi aliyoweza kuepushwa, kwa hiyo tunapimwa: wanaorudiwa wasizidi 3 katika kila 100. Asubuhi, kabla ya mama wa kwanza, napiga picha ya kipande cha plastiki kuhakikisha mashine ni ile ile ya jana. Tunawaomba pia wasipake poda wala dawa ya kwapa, kwa sababu kwenye picha vitu hivyo hufanana na chembe za chokaa, na chembe hizo zikijikusanya mahali pamoja huweza kuwa dalili ya mapema kabisa ya saratani.

Akishavaa, swali linakuja. "Umeona kitu?"

Picha nimeiona, kwa kweli. Lakini kuisoma si kazi yangu. Wasomaji wawili wataitazama, kila mmoja kivyake, na majibu yatamfuata nyumbani baada ya wiki mbili hivi. Katika wanawake 100, kama 4 wataitwa hospitali kwa uchunguzi zaidi, na kati ya hao 4 mmoja hivi ndiye atakayekutwa na saratani. Nikikunja uso, wale watatu nitakuwa nimewanyang'anya usingizi bure. Nikitabasamu, yule mmoja nimemdanganya.

Uso kutokusema nilijifunza Kahama, Tanzania, kabla sijajua hata Leicester iko wapi. Hospitali siitaji. Waliokuwa wakija kwangu walikuwa vijana wa maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, wengine kutoka Kakola na Mwakitolyo, wengine kutoka Nyarugusu na Rwamagasa upande wa Geita. Walikuwa na kifua, kikohozi na nguo zenye vumbi la karasha, mashine ya kusaga mawe. Simama wima, kidevu juu, mikono kiunoni, viwiko mbele, vuta pumzi, shika, usipumue. Mapafu ya baadhi yao yalitoka na vidoadoa vyeupe sehemu za juu, kama chenga za mchele juu ya kitambaa cheusi. Vumbi la mwamba wa dhahabu lina silika. Hukaa pafuni, hulitia makovu, na humfungulia mlango kifua kikuu. Kwenye picha vumbi na kifua kikuu hufanana kiasi cha kumchanganya hata mzoefu. Migodi mikubwa, Geita ulioanza kuzalisha mwaka 2000 na Bulyanhulu uliofuata 2001, inabanwa na sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya 2003, na wafanyakazi wake hupimwa. Kijana wa duara hujipeleka mwenyewe, siku ambayo hawezi tena kupanda ngazi za matimba.

Mmoja alikuja na hirizi shingoni. Ngozi nyeusi, ndani yake kipande cha chuma, inaning'inia katikati kabisa ya kifua. Nikamwambia aivue. Akakataa. Foleni nyuma yake inaguna, mimi nina umri wa miaka 24 na koti jeupe, najiona mkubwa. Nilimfokea, akaondoka bila picha. Hakurudi. Tangu siku ile sijamwambia mtu "vua". Nauliza alichovaa tukiweke wapi.

Halafu akaja mama mkubwa. Wewe hukumjua. Miezi 9 alilificha titi lake chini ya kitenge, akisema ni jipu. Wengine walisema ametupiwa. Babu yako alikasirika sana juu ya hilo. Alikuwa akisema, hata Williamson, mwenye mgodi wa almasi wa Mwadui, alikufa mwaka 1958 kwa saratani ya koo, mbona hakuna aliyesema tajiri yule karogwa? Daktari alitaka picha ya kifua. Nilimpanga mwenyewe, kwa mikono yangu. Enzi zile tulikuwa bado tunasafisha filamu kwenye maji ya dawa, na nilipoiinua nikaona madoa ya mviringo, makubwa kama sarafu, pafu zima la kulia na nusu ya la kushoto. Nilishukuru kwamba chumba cha giza ni cha giza. Nilipotoka aliniuliza, "Imetoka vizuri?" Nikamwambia imetoka vizuri, mama. Picha ilikuwa imetoka vizuri.

Ndiyo maana nilipofika huku sikubaki kwenye mifupa na vifua.

Mwezi uliopita aliingia kwenye gari mama mmoja wa Kihindi, miaka 73. Umri huo barua hazimfuati tena, alipiga simu mwenyewe kuomba. Alilisoma jina langu kwenye beji, akalirudia kwa sauti, akaniuliza kwa Kiswahili, "Wewe Msukuma?" Kumbe kazaliwa Shinyanga mjini. Baba yake alikuwa karani wa jineri ya pamba, na nyumba yao ilipotaifishwa mwaka 1971 familia ikafunga mizigo. Leicester imejaa watu wa aina hiyo. Mnasikia zaidi habari za waliofukuzwa Uganda na Amin mwaka uliofuata, lakini wa kwetu nao wamo. Shingoni alikuwa na mkufu wa ndoa, shanga nyeusi na dhahabu, ambao hajauvua tangu aolewe. Nikamuuliza tuuweke wapi. Tukauzungusha mgongoni, akaushikilia kwa mkono wa pili ili usiteleze mbele. Bamba liliposhuka akapiga kelele: "Taratibu mama, hili si robota la pamba!"

Mwenzangu Mwingereza aliyekuwa mezani hakuelewa kwa nini mama na mpiga picha wake wanacheka mpaka machozi. Utamwelezaje mtu ambaye hajawahi kuona pamba ikishindiliwa? Majibu ya mama yule siyajui. Gari lilihamia mji mwingine kabla hayajatoka.

Lakini pamba yake imenisaidia kukueleza jambo moja. Titi la mwanamke mwenye umri mdogo limejaa tezi, na kwenye picha tezi ni nyeupe. Uvimbe nao ni mweupe. Ni kama kumtafuta kondoo mweupe kwenye shamba la pamba iliyopasuka. Titi likizeeka, tezi hupungua, mafuta huchukua nafasi, shamba linakuwa limevunwa na kondoo anaonekana. Waingereza wana sababu ya kusubiri miaka ya hamsini. Kwetu wanawake wengi huugua wakiwa wadogo kuliko wa huku, na wengi hufika hospitali hatua ya tatu au ya nne, wakati uvimbe hauhitaji mashine kuonekana.

Kwa hiyo nimewaudhi wenzangu. Kikundi chetu cha watu wa Shinyanga na Geita walioko nje kinachangisha ili kununua mashine ya mamografia na kuipeleka nyumbani. Kila mtu ameshaiona picha ya utepe ukikatwa. Mimi nimesema hapana, kwa sasa. Mashine ile peke yake haimtafuti mtu. Inahitaji orodha ya wanawake, fundi wa kuitengeneza, mpigaji aliyefunzwa, msomaji, na mahali pa kwenda ukiambiwa kuna kitu. Mpango wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka mwenye dalili apate jibu ndani ya siku 60, na asilimia 60 ya saratani za matiti zigunduliwe hatua ya kwanza au ya pili. Kwetu tutafika huko mapema zaidi kwa muuguzi wa zahanati anayejua kupapasa titi, ultrasaundi, sindano ya kutoa kinyama, na maabara inayokisoma. Tiba ya mionzi nayo iko Bugando, Mwanza, siku hizi. Zamani ilikuwa Ocean Road tu, Dar es Salaam, karibu kilomita 1,000. Fedha zile zinunue ultrasaundi moja, na zinazobaki zilipe ada ya wasichana. Bado tunagombana.

Sasa njia yako, kwa kifupi. Anzia nyumbani. Bugando, pale kilimani Mwanza, chuo cha CUHAS kinafundisha stashahada ya radiografia kwa miaka 3: anatomia, fizikia ya mionzi, kumpanga mgonjwa, kumkinga yeye na kujikinga wewe. Ukimaliza utasajiliwa na baraza la taaluma lililowekwa na sheria ya mwaka 2007. Mashine za mionzi zinasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki, na utavaa kifuani kibeji cha kupimia dozi yako. Kikomo cha mfanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka. Vaa kila siku. Tuliokuwa tukikisahau kwenye droo tulijiona mashujaa.

Ukija huku siku moja, HCPC, yaani wanaosajili wataalamu wa afya huku, watapima mtaala wako, uzoefu wako na Kiingereza chako. Jina la radiografa linalindwa na sheria, na usajili unahuishwa kila miaka 2. Matiti ni cheti cha uzamili juu ya hapo, karibu mwaka mzima chini ya macho ya wazoefu. Marekani, sheria ya mwaka 1992 inadai saa 40 za mafunzo ya mamografia na wanawake 25 uliowapiga ukisimamiwa, kisha wasiopungua 200 kila miaka 2 ili mkono usilale. Wanaume hawaelekezwi kwenye kazi hii Uingereza. Wote niliofanya nao ni wanawake. Kwetu nako, mwanangu, wapo watakaokubali kufungua kitenge kwa sababu tu aliyesimama pale ni wewe.

Fomu zikitoka nipigie picha unitumie, si sauti ya dakika 9. Na bibi yako msalimie. Mkiwa jikoni peke yenu, baba yako asiwepo, mwulize kama amewahi kujipapasa. Akikasirika, mwambie umetumwa na mimi.

Shangazi yako,
Leicester