Fungu Lisilo na Jina

Kinole iko ubavuni mwa milima ya Uluguru, upande wa mashariki, mahali ambapo migomba na michungwa huota pamoja na mikarafuu na midalasini. Mtu wa Unguja au Pemba akipita huko wakati wa mavuno hatahitaji kuambiwa ananusa nini. Ubaridi wa asubuhi tu ndio utakaomkumbusha kuwa yuko mlimani. Lakini Kinole haijulikani kwa viungo peke yake. Ndiko kwenye kiti cha Kingalu, mkuu wa jadi wa Waluguru aliyesifika kwa mamlaka ya mvua. Na Kingalu si mtu mmoja. Kila aketiye hapo hulichukua jina hilo, na afapo jina haliteremki naye kaburini: huvikwa mwingine. Na kwa kuwa Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, mpwa ndiye akaaye mahali pa mjomba. Hata katika nyumba zisizo na kiti wala usinga, marehemu hutafutiwa wa kulishika jina lake.

Anayerithi jina hurithi na maswali. Shamba hili linakomea wapi? Kichaka kile kina makaburi ya nani? Mti upi haukatwi, na kwa nini? Maswali hayo humjia siku ambayo mwenye kuyajibu amekwisha kunyamaza. Kwa hiyo aliyekuwa na busara hakungoja kufa. Alimtembeza mpwa wake mipakani angali ana miguu.

Yuko mzaliwa mmoja wa Kinole aliyetembezwa hivyo na mjomba wake kila alipokwenda likizo, akaonyeshwa jiwe hili na mti ule, naye akaona ni mazoea ya wazee. Leo kazi yake ni kuzilinda seva za taasisi moja ya mikopo jijini Dar es Salaam. Mipaka ile hakuifikiria tena mpaka seva yake kubwa ilipoanza kufa usiku.

Ilikufa bila kusema neno. Asubuhi wakubwa walitaka sababu, naye hakuwa na cha kuwaonyesha ila kioo cheusi. Ikafa mara ya pili, na ya tatu. Kufikia mwezi wa pili maneno yalikuwa yamekwisha kupenya vyumbani, kwamba mashine hufa siku za zamu yake. Kifo kisicho na sababu, mjini kama kijijini, hakikai muda mrefu kabla ya kutafutiwa mtu.

Ni lazima hapa kueleza kidogo kinachokufa. Ndani ya kila kompyuta mna mfumo endeshi, na ndani ya mfumo huo mna kiini: programu iliyo juu ya programu zote, inayogawa kumbukumbu ya mashine, inayoamua nani afanye kazi lini, na inayosema na diski na nyaya za mtandao kwa niaba ya wengine. Programu ya kawaida ikianguka, kiini huizika na maisha huendelea. Kiini chenyewe kikigundua kuwa hesabu zake zimeharibika hata hakiwezi kujiamini, hupigwa na taharuki na kusimamisha kila kitu. Sababu ya kifo kwa kawaida imo katika kumbukumbu ya mashine, mle mle kiini kilimokuwa kikifanyia kazi. Lakini kumbukumbu hiyo huishi kwa umeme. Mashine ikizimwa na kuwashwa, ushahidi wote umekwenda.

Zamani dawa iliyotumika katika Linux, mfumo ambao Linus Torvalds aliuanza mwaka 1991, ilikuwa ni kumtaka maiti ajichunguze. Kiini kilichokwisha haribika ndicho kilichoombwa kukusanya kumbukumbu yake na kuiandika diskini, kwa mikono ile ile iliyokwisha pooza. Mara nyingine kilifaulu. Mara nyingine kiliandika mahali pasipotakiwa, na aliyekuwa akitafuta sababu ya msiba mmoja akajikuta na misiba miwili.

Njia bora iliingia katika Linux mwezi wa Agosti 2005, katika toleo la 2.6.13. Msingi wake ni kazi ya Eric Biederman iliyowezesha kiini kimoja kukipisha kingine bila mashine kuzimwa. Juu yake Vivek Goyal na wenzake walijenga utaratibu uitwao kdump. Mashine inapoamka, kabla haijagawa chochote, hutenga fungu la kumbukumbu na kulifunga. Katika mifano ya siku zile lilikuwa megabaiti 64 tu. Siku hizi hufika mamia. Ndani ya fungu hilo huwekwa kiini cha pili, mzima, asiye na kazi. Yeye ni mrithi. Hukaa humo miezi, pengine miaka, na siku nyingi mashine hustaafishwa bila yeye kuamshwa hata mara moja. Wako wanaolalamika kuwa hiyo ni kumbukumbu iliyopotezwa bure. Wanaosema hivyo aghalabu hawajawahi kuulizwa asubuhi kwa nini mashine imekufa.

Kiini cha kwanza kikipigwa na taharuki, kitendo chake cha mwisho ni kidogo mno: huandika hali ya vichakato, huvisimamisha, kisha huruka kwenda kwa mrithi. Njiani kuna kijiprogramu kinachopima kwanza kama mrithi hakuguswa katika vurugu zile, kwa kulinganisha alama iliyopigwa siku alipowekwa na alama yake ya sasa. Zikiafikiana, anaamka.

Na hapa ndipo penye kiini cha maneno yote haya, kwa maana zote mbili za neno. Kiini chochote kinapoamka tabia yake ya kwanza ni kujiona mmiliki wa kumbukumbu yote. Huanza kuipanga, kuifuta, kuigawa. Mrithi akifanya hivyo atalala juu ya maiti na kuufuta ushahidi alioamshwa kwa ajili yake. Kwa hiyo lazima aambiwe, mapema, na kwa maandishi yanayomfikia kabla hajanyoosha mkono: hili dogo ndilo lako, ishi humu, na kule kwingine kote ni kwa marehemu, utasoma tu, na orodha ya vilivyoko huko iko kwenye anwani hii. Katika mashine nyingi maneno hayo hupitishwa katika mstari wa amri mrithi anaoamka nao. Mwanzoni hata ramani ya mafungu iliandikwa katika mstari huo, na kwa kuwa mstari una kikomo, herufi 2,048 katika mashine za jamii ya x86, mashine kubwa zenye mafungu mengi ziliujaza hata ikabidi ramani ihamishiwe katika jedwali la pembeni.

Wapenzi wa ushairi hawatakuwa wageni wa jambo hili. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840, na mengi tunayoyasoma leo kama yake yalipatikana nusu karne baadaye kupitia Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyemsaidia W. E. Taylor kuyakusanya. Sikujua naye alikuwa mtunzi. Kwa mtu wa namna hiyo hatari si kusahau. Anayesahau huacha pengo, na pengo huonekana. Bali mwenye kipaji aweza kuliziba kwa beti lake mwenyewe, zuri kama la marehemu, na pasiwe na wa kumgundua.

Mlinzi wa seva kutoka Kinole aliyajua haya kwa kuyasoma, akatenga fungu, akaweka mrithi. Usiku seva ilipokufa tena, mrithi aliamka. Alijua mpaka wa chumba chake, hakugusa kitu cha marehemu. Ila alipotafuta diski ya kuandikia alichokiona, hakuiona. Diski ilikuwa pale pale, inawaka taa yake. Kwa mrithi haikuwapo.

Kumbe mbali na fungu la mrithi na eneo la marehemu, kuna mafungu ya namna ya tatu. Haya hayakutengwa na kiini chochote. Yalitengwa na mashine yenyewe, kwa programu ya kiwandani inayotangulia mifumo yote, nayo huyataja katika ramani anayopewa kila kiini cha kwanza: hapa pasikaliwe. Si matupu, baadhi yake ndiyo milango ambayo kiini hupitia kwenda kuvitambua vifaa. Sasa katika njia ya kumtayarisha mrithi iliyoingizwa mwaka 2014, ambamo kiini chenyewe ndicho kimwandikiacho ramani, mafungu haya hayakutiwa. Mrithi aliambiwa pa kuishi, hakuambiwa pa kupisha wala penye milango. Kwenye mashine ndogo hakuna aliyeona upungufu. Kwenye kubwa, ambazo vifaa vyake vimegawika katika makundi zaidi ya moja, kundi la pili halikuonekana kabisa. Na katika zile zenye kumbukumbu iliyofichwa kwa fumbo, mrithi asiyejua kuwa fungu fulani limehifadhiwa aliweza kulisoma kama limefumbwa, kumbe liko wazi, akapata takataka.

Sahihisho liliingia mwaka 2019 kwa kazi ya Lianbo Jiang, na yeyote atakayelisoma atakutana na jambo la kushangaza. Mtu angedhani ni suala la kuongeza mistari michache: yatafute mafungu yaliyohifadhiwa, yaandike katika ramani ya mrithi. Lakini hayakuweza kutafutwa. Katika daftari la kiini mafungu hayo hayakuwa na alama yao; yaliwekwa pamoja na kila kitu kilichoandikwa "bila maelezo". Ilibidi kwanza yapewe jina.

Mtu wa Uluguru halioni hilo kuwa geni. Mwaka 1895 amri ya Wajerumani ilitangaza kuwa ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya dola yao, na asiyekuwa na hati wala shamba lililolimwa alipata taabu kuonyesha kuwa ni mwenyewe. Kichaka cha makaburi hakilimwi. Katika daftari la aina hiyo, mahali palipoachwa kwa heshima na mahali palipoachwa kwa kutotakiwa husomeka sawasawa. Msitu wa juu ulikuja kupigiwa mipaka ya serikali, na tangu mwaka 2008 ni Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, zaidi ya hekta 24,000, chanzo cha maji ya Ruvu yanayonywewa Dar es Salaam. Msitu huo umeandikwa. Vichaka vidogo vya ukoo, kwa sehemu kubwa, bado vinaishi katika vichwa vya wajomba.

Kiini kipya kiliwekwa katika ile seva, na safari hii mrithi alipewa ramani nzima. Ilipokufa tena, diski ilionekana. Faili lililopatikana lilionyesha kuwa programu ya kadi ya mtandao ilikuwa ikiandika katika kumbukumbu iliyokwisha irudisha, kama mpangaji aliyehama akabaki na ufunguo. Lilipelekwa kwa waliotengeneza kadi. Maneno ya vyumbani yalikoma. Hakuna aliyeomba radhi, na mlinzi hakutarajia.

Tofauti na aketiye Kinole, mrithi wa mashine hatawali. Akiisha kunakili kumbukumbu ya marehemu, akaruka kurasa tupu na zile zisizo na maana ili faili lisijaze diski, huizima mashine na kuiwasha upya. Kiini cha kwanza hurudi, na kabla hakijamgawia mtu yeyote chochote, hulitenga tena lile fungu na kumlaza mwingine ndani yake.