Tulipokuwa Kondoa Kusini

Mpwa wangu anasoma chuo Dodoma mjini. Juzi aliona karatasi ya zamani iliyoandikwa jina la jimbo letu, akaniuliza: "Mjomba, hii Kondoa Kusini ndiyo wapi?" Kitovu chake kimezikwa Kwamtoro. Swali lile liliniuma.

Kondoa Kusini ndiyo Chemba hii. Kutoka Mrijo, ukapita Goima, Dalai na Mondo, mpaka Farkwa na kwetu Kwamtoro kwa Wasandawe, Warangi, Waburunge na Wabarabaig wakiwemo, wote tulikuwa na mbunge mmoja, na shida zetu zote zilipanda Kondoa. Mshahara wa mwalimu, kesi, mgonjwa aliyezidiwa: Kondoa.

Siasa nilizijulia kwenye duka moja pale Kwamtoro. Ukivuka kizingiti ulipokewa na harufu ya asali kwenye madebe, nta, magunia ya ufuta, na mafuta ya taa yaliyouzwa kwa kibaba. Mzee mwenye duka alianika betri za redio juani zipate nguvu ya kusikilizia matokeo, na watu walijaa barazani hadi usiku. Enzi za chama kimoja wagombea walipewa alama mbili, jembe na nyumba. Siku ya kura mzee aliyashusha majembe yote yaliyoning'inia mlangoni, akayafunika kwa gunia, asije akaambiwa anampigia mtu kampeni. Uliyetaka jembe ulirudi kesho yake, hata kama mvua imeshanyesha na shamba linakungoja. Hakuna aliyenung'unika. Kura ilikuwa na heshima yake, na mzee yule aliilinda kuliko wasimamizi wengi niliowaona baadaye. Amekwisha kufariki. Pale sasa panauzwa soda na vocha, na wanaokaa barazani hawamjui hata diwani wao.

Tarehe za jimbo kubadilika jina nimezihakikisha. Wilaya ya Chemba ilimegwa kutoka Kondoa mwaka 2012, na uchaguzi wa 2015 ukatukuta jimbo likiitwa Chemba. Juma Nkamia, mtangazaji wa michezo, aliingia bungeni 2010 kwa jina la zamani na 2015 kwa jina jipya. Mwaka 2018 ikazinduliwa lami ya Dodoma hadi Babati, ikipita Chemba makao makuu. Wa kando ya lami walineemeka, na ninawafurahia.

Sisi wa magharibi tumebaki na barabara ya kusomwa bungeni: Handeni, Kibaya, Mrijo Chini, Chemba, Kwamtoro, Singida. Jimbo letu nalo liliachwa vilevile: mwaka 2025 Tume ya Uchaguzi ilitangaza majimbo mapya 8, ikaigawa Dodoma Mjini na kuzaa Mtumba. Mjini watu wameongezeka, sipingi. Lakini Ibara ya 75 ya Katiba inataja njia za mawasiliano na hali ya kijiografia. Jimbo linalogusa Manyara mashariki na Singida magharibi, likapakana na Chamwino na Bahi kusini, ni kubwa mno kwa mbunge mmoja. Upande wa Kwamtoro na Farkwa unastahili jimbo lake.

Tume ikikaa tena kuchora mipaka, wajumbe waje kwanza Kwamtoro kwa gari, mwezi wa pili, mvua ikiwa imekolea.