Vitesi Ilikataa Kuingia, Nami Nikamlaumu Mtoto

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwenu mna gari la zamani, au kama kijana wako anajifunza ushofere, nisikilize kidogo. Haya yalinipata mimi mwenyewe kwenye barabara ya Kasongo na Kabambare, na hasara yake ilikaribia kupita thamani ya gari.

Gari yetu ni Land Cruiser ya miaka ya 1980, aliyotuachia marehemu kaka yangu. Tunapakia mchele na mafuta ya mawese vijijini, tunapeleka chumvi, sabuni na koleo kwa wachimbaji wa dhahabu upande wa Namoya. Karo ya watoto sita inatoka humo. Na ile barabara mnaijua: wakati wa mvua matope, madaraja ya magogo, milima midogo isiyokwisha. Mkono wa shofere hauachi kijiti: ya pili, ya kwanza, ya pili tena.

Nilikuwa nasafiri na mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka kumi na tisa. Yeye alikuwa macho yangu nyuma na mikono yangu chini ya gari.

Siku moja asubuhi vitesi ya kwanza ikawa nzito. Ya kurudi nyuma ikalia krrr, kama meno ya mtu mwenye homa. Nikatumia nguvu. Kesho yake nikavuta kwa mikono miwili. Nikakumbuka kwamba majuma mawili mbele nilikuwa nimempa kijana usukani kidogo mahali pa tambarare. Basi, nikapata wa kumlaumu.

"Ni weye uliharibu bwate ya vitesi!"

"Hapana, mjomba. Ilianza mbele ya siku ile. Tena mjomba, gari ikizimwa, vitesi inaingia vizuri. Labda ni ambreyaji."

Sikumsikiliza. Mtoto anifundishe gari niliyoiendesha miaka kumi na miwili? Nilimwambia arudi kwa mama yake. Akachukua mfuko wake, akaenda kwa miguu bila kujibu. Dada yangu alipouliza sababu, nilisema mtoto hana heshima. Huo ulikuwa uongo.

Fundi mmoja akasema bwate imekufa, ninunue nyingine ya mtumba kwa dola 450. Mwingine akanishauri nitie mafuta mazito zaidi ili kelele ipungue. Nikatia. Asubuhi iliyofuata kijiti kikawa kigumu kuliko jana, kana kwamba nakoroga ugali uliopoa. Nikaanza kuhesabu pesa za karo zilizokuwa sandukuni.

Halafu usiku ule ukafika. Nilikuwa natoka Kabambare, watu wakanisimamisha kijijini. Mama mmoja alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu jana, mtoto hatoki. Tukamlaza nyuma juu ya godoro, mama mkwe wake akamshika kichwa, tukaenda Kasongo hospitalini. Kwenye mlima mmoja wa matope nikasimama kupisha magogo. Nilipotaka kuondoka, vitesi ya kwanza ikakataa kabisa. Nikasukuma, nikavuta, jasho likanitoka. Nyuma mama analia. Mume wake akaniuliza kwa sauti ndogo: "Baba, gari imekufa?"

Hapo ndipo maneno ya kijana yakanirudia: gari ikizimwa, vitesi inaingia vizuri. Nikazima mashine. Kijiti kikaingia laini, bila kelele. Nikachagua mwendo wa polepole wa magurudumu manne, nikawasha gari ikiwa tayari ndani ya vitesi. Ikaruka kama mbuzi, lakini ikapanda. Njia yote nilifanya hivyo kila niliposimama. Tulifika kunapambazuka. Mama alipona, na mtoto pia. Baba yake alinishukuru sana, nami sikuweza kumtazama machoni. Aliyestahili shukrani nilikuwa nimemfukuza.

Nikaenda kwa mzee mmoja aliyejifunza kazi katika karakana ya kampuni ya madini, zamani zile. Hakushika ufunguo wowote. Alizima mashine, akapitisha vitesi zote: laini. Akawasha: ngumu. Akakanyaga pedali mara mbili tatu haraka haraka, kisha akajaribu tena: ikaingia.

"Bwate yako ni nzima," akasema. "Mgonjwa ni ambreyaji."

Alinieleza hivi. Mashine inazunguka wakati wote. Kazi ya ambreyaji ni kuitenga mashine na bwate unapokanyaga pedali. Ikiwa haitengi sawasawa, vyuma vya ndani vinaendelea kuzungushwa, na meno yanakataa kushikana. Wewe unayelazimisha kijiti unavisaga vile vyuma, hasa zile pete za shaba zinazosawazisha mwendo. Hivyo ugonjwa mdogo wa ambreyaji unazaa ugonjwa mkubwa wa bwate.

Kisha akainua zulia chini ya pedali, akapitisha kidole. Kililoa. Mafuta yalikuwa yanavuja kutoka pompi ya ambreyaji, na kikombe chake kilikuwa karibu kikavu. Kauchu ya ndani ilikuwa imelika, hewa imeingia katika mrija. Hewa inakubali kubanwa, mafuta hayakubali. Kwa hiyo mguu unafika chini, lakini nguvu haifiki kwenye ambreyaji. Kauchu mpya ziligharimu dola 15. Yale mafuta mazito tuliyamwaga, tukatia aina iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Si kila mafuta ya bwate yanafaa: mengine ni mazito mno, na mengine yana dawa inayokula zile pete za shaba.

Ikabaki kutoa hewa. Mzee akasema: "Kwa njia yetu hii inataka watu wawili, mmoja juu, mmoja chini. Miye magoti yamekwisha. Lete mtu wako."

Nilikwenda kwa dada yangu. Kijana alikuwa anapasua kuni. Si rahisi mjomba kuinama mbele ya mpwa, lakini nilisema mbele ya mama yake: "Weye ulisema kweli, na miye nilikusingizia. Nisamehe." Akaweka shoka chini. Aliuliza jambo moja tu: "Yule mama alipona?"

Tulianza kazi, yeye ndani, mimi chini.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga!"

"Shika hapo, usiachie!"

Nafungua parafujo, mafuta yanatoka na mapovu, nafunga. "Achia!" Anaachia. Kila mara anatazama kikombe kisikauke, maana kikikauka hewa inaingia upya. Mara ya kumi na kitu mapovu yakaisha. Akiachia mapema kabla sijafunga, hewa inarudi. Lazima mmoja amsikie mwenzake. Nikiwa chini pale nilifahamu kwamba tungalifanya hivi mwezi mmoja mbele, kama ningalimsikia.

Mzee akatuambia kwamba hata gari za mbio hazikwepi sheria hii. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki kwa Datsun 240Z, gari ndogo ya michezo yenye vitesi za mkono, katika vumbi na matope. "Mkono wenye nguvu hauwezi kitu," akasema, "kama mguu na mkono havipatani."

Basi, ndugu msomaji, vitesi ikiwa ngumu, usianze na nguvu. Zima mashine na ujaribu. Ikiwa laini, tazama kwanza ambreyaji: kikombe cha mafuta, unyevu chini ya pedali na karibu na bwate. Ikiwa bado ngumu, tazama mafuta ya bwate, kijiti na viungo vyake. Ndipo ufikirie kuifungua bwate. Na kabla ya kumhukumu mtoto wako, muulize ameona nini.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Karo ililipwa mwaka ule. Leo kijana ndiye shofere wetu, na mimi ndiye ninayekaa upande wa pili, nikijifunza kunyamaza.