Neno Lililokaribia Kumponza Mpwa Wangu

Wahenga walinena kwamba ulimi hauna mfupa. Nilidhani naielewa methali hii tangu shule ya msingi, hadi siku nilipojikuta mkalimani kando ya kitanda cha mpwa wangu katika wadi ya watoto.

Mtoto huyo wa miaka tisa alikuwa akiugua saratani ya damu. Alikuwa ametiwa mrija katika mshipa mkubwa wa kifuani ili dawa zipitie humo. Baada ya wiki chache, mkono na shingo vilifura. Picha zilionyesha bonge la damu mshipani. Daktari alieleza kwa Kiingereza kwamba saratani yenyewe, mrija ule na asparajinesi, mojawapo ya dawa za kutibu saratani hiyo, vyote huchochea damu kuganda. Bonge likikatika na kusafiri hadi mapafuni, lingeweza kumwua.

"Mweleze mama yake," akaniambia. Nami, kwa pupa ya msomi, nikasema: "Dada, watampa dawa ya kupunguza uzito wa damu."

Dada alinikodolea macho. "Juzi tu tumehangaika kutafuta watu wa kumtolea damu kwa kuwa yake imepungua. Leo mnataka kuipunguza tena?" Mama yetu, aliyekuwa amemletea mjukuu wake mchuzi wa maini wa kuongeza damu, alimuunga mkono. Idhini haikutolewa. Usiku huo mtoto alilala bila dawa.

Nami sikupata usingizi. Nilikuwa nimetafsiri jina la Kiingereza, ambalo lenyewe ni sitiari ya kupotosha. Dawa hizi hazipunguzi damu wala haziigeuzi maji. Huizuia kuganda ili bonge lisikue, huku mwili wenyewe ukiliyeyusha polepole.

Asubuhi nilianza upya: "Dada, ni dawa ya kuzuia damu kuganda. Damu yake haitapungua."

"Na akijikata, itakoma?" akauliza.

Swali hilo lilikuwa na uzito kuliko maelezo yangu yote. Muuguzi alikiri kwamba hatari ya kuvuja damu ipo. Kwa hivyo, chembe zinazosaidia damu kukoma zingepimwa mara kwa mara, na zikishuka mno, dawa ingepunguzwa au kusitishwa. Vilevile ingesitishwa kwa muda kabla ya kudungwa sindano ya uti wa mgongo. Dada akatia sahihi.

Sindano za enoksaparini, zinazodungwa chini ya ngozi mara mbili kwa siku, ziliendelea kwa miezi mitatu. Uvimbe ulitoweka, ingawa matibabu ya saratani yangali yanaendelea.

Baadaye nilisoma kwamba heparini, dawa iliyozaa enoksaparini, iligunduliwa huko Baltimore, Marekani, mwaka 1916, na kwamba jina lake latokana na neno la Kigiriki lenye maana ya ini. Nilipomsimulia Mama, alicheka akasema mchuzi wake haukuwa wa bure.

Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, sisi hubishana kuhusu istilahi katika makongamano, tukapigiana makofi na kwenda zetu. Je, ni nani miongoni mwetu aliyewahi kulipima neno lake mbele ya mama anayesubiriwa kutia sahihi?