Sijui kuogelea, lakini nimeshuka Mto Tana

Nimekuwa kimya hapa kwa karibu wiki tatu, na mara hii si kazi iliyonizuia. Nilikwenda mtoni.

Kwa wale mnaofika hapa kutafuta maelezo ya hifadhidata, samahani, leo hakuna. Leo ni habari ya boti ya mpira, mto wenye mawe na mtu mmoja wa Nyamira asiyejua kuogelea. Mtu huyo ni mimi. Ukivumilia, huko mbele kuna jambo dogo la ufundi wa programu, halafu kuna jambo ambalo ningependa watu wa kwetu walisome hata kama hawajali kompyuta.

Sisi na maji

Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mvua kwetu haina ubahili. Ukisimama kwenye ukingo wa Manga ukatazama chini, kila bonde unaloliona lina kijito chake. Mto Gucha unaanzia vilima vya Kiabonyoru huko Nyamira, unapita Kisii, unateremka hadi Migori ambako wanauita Kuja, kisha unaingia Ziwa Victoria. Upande wa kaskazini kuna Mto Sondu, unaotutenganisha na majirani zetu wa Kericho. Nguvu yake si ya kubahatisha: huko chini, karibu na ziwa, maji yake yanapitishwa kwenye handaki na kuzungusha mitambo ya Sondu Miriu, megawati 60. Kisha maji hayohayo yanatumika tena Sang'oro, megawati 21 nyingine, tangu mwaka 2012.

Kwa maji yote hayo ungedhani sisi ni waogeleaji hodari. Wapi! Mtu wa ziwani ana mtumbwi, ana wavu, maji ni ofisi yake. Kwetu mtoni ni mahali pa kuchota, kufua na kuvuka. Maji ni baridi, yana kasi, na mvua ikinyesha yanakuwa na rangi ya chai ya maziwa, huoni hata goti lako. Kwa hiyo mtoto wa kwetu hufundishwa somo moja tu kuhusu mto: usiende.

Shida ni kwamba shule iko ng'ambo.

Nikiwa darasa la tano, mwenzetu mmoja alichukuliwa na maji akivuka daraja la miti jioni, baada ya mvua. Sitataja jina lake wala la shule, kwa sababu wazazi wake bado ni majirani zetu. Alipatikana siku ya pili, mbali sana. Baada ya mazishi tulipewa somo lilelile, kwa sauti kubwa zaidi: msiende mtoni. Daraja likarudishiwa miti yake mitatu, na sisi tukaendelea kuvuka kila siku, asubuhi na jioni, kwa miaka mingine mitatu.

Ninasema haya mapema ili muelewe kwa nini wenzangu wa kazini walipopendekeza tukashuke mto kwa boti, sikucheka.

Sagana

Mimi hufanyia kazi yangu Kisii mjini, lakini timu yetu iko Nairobi na hukutana ana kwa ana mara chache kwa mwaka. Safari hii wakachagua Sagana. Nilipanda basi la usiku: Keroka, Sotik, Bomet, Narok, Mai Mahiu, mgongo ukilalamika njia nzima. Alfajiri tukachukua matatu ya kukodi na kushika barabara ya Thika. Kutoka Nairobi hadi Sagana ni kama kilomita 100 tu, kwa hiyo mtu wa Nairobi anakwenda asubuhi na kulala kwake usiku.

Mama alipiga simu tukiwa Thika. (Kwetu mama anaitwa "baba" na baba anaitwa "tata". Nimeshazoea kuwaeleza watu.) Nilipomwambia tunakwenda wapi akanyamaza kidogo, halafu akauliza:

"Mwanangu, unalipa pesa ili uanguke kwenye maji? Si hapa nyumbani ni bure?"

Sikuwa na jibu.

Mto wenyewe ni Tana, mrefu kuliko yote nchini, karibu kilomita 1,000. Unakusanya maji kutoka Aberdare na Mlima Kenya, na ukimaliza shughuli zake unaingia Bahari ya Hindi. Chini ya Sagana umefungwa kwa mabwawa matano: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Lakini pale Sagana bado unateremka juu ya mawe. Watu wa boti hupima ugumu wa mto kwa madaraja sita. La kwanza ni maji yanayotembea tu, la sita ni pale ambapo mtu mwenye akili anabeba boti begani na kupita nchi kavu. Pale Sagana utakutana na la pili, la tatu, la nne, na mahali pengine hata la tano, kutegemea maji yamejaa kiasi gani.

Kabla ya kugusa maji tulipewa kofia ngumu, jaketi la kuelea na kafi. Nahodha wetu, kijana mwembamba mwenye sauti ya mwalimu wa zamu, hakuanza kwa kutuambia jinsi ya kupiga kafi. Alianza hivi:

"Wangapi hawajui kuogelea?"

Tulikuwa watatu kati ya saba. Nilitarajia atuweke kando. Akasema, "Sawa. Mtaanguka kama wenzenu. Sikilizeni." Niliandika maagizo yake jioni ileile nisije nikayasahau:

1. Ukianguka, lala chali. Miguu mbele, kuelekea mto unakokwenda, vidole vya miguu vionekane juu ya maji. Mawe yapigwe na viatu, si na kichwa.
2. Usijaribu kusimama kwenye maji yanayokimbia, hata yakiwa ya magoti. Mguu ukinaswa kati ya mawe, maji yatakulaza kifudifudi na hutainuka.
3. Kamba ikirushwa, shika kamba, usishike mfuko wake. Ipitishe begani, tazama juu, ukivutwa uje kwa mgongo. Usiizungushe mkononi kamwe.
4. Ukijikuta chini ya boti, sukuma kwa mikono upande mmoja tu hadi utoke. Ukibadilisha mawazo katikati utabaki pale pale.
5. Kafi isiachwe. Na mkono wa juu usiondoke kwenye kishikio, la sivyo utamng'oa jirani meno.

Kisha akatupeleka kwenye maji yaliyotulia na kutuamuru turuke, mmoja mmoja, makusudi. Tukarushiwa kamba, tukavutwa, tukafundishwa kumpandisha mwenzako kwa kumshika mabega ya jaketi na kujirusha nyuma. Nilimeza maji. Lakini nilielea! Nina karibu miaka thelathini na sikuwa nimewahi kuhisi maji yananibeba.

Jinsi nilivyoanguka

Maporomoko mawili ya kwanza yalikuwa raha tupu. "Mbele! Mbele! Simama!" Boti inadumbukia, wimbi linakupiga kofi, unatokea upande wa pili ukicheka kama mtoto. La tatu, nahodha alitusogeza kwanza kando, akapanda juu ya jiwe, akalitazama kwa dakika nzima. Mmoja wa wasaidizi akatangulia kwa kayaki, akajificha nyuma ya jiwe kubwa chini ya poromoko, mahali ambapo maji huzunguka na kurudi nyuma. Mwingine akabaki ukingoni na mfuko wa kamba mkononi. Hapo ndipo niliposhtuka. Watu hawa walikuwa wanajipanga kwa ajili yangu, nami nilikuwa bado nimekaa salama ndani ya boti.

Tukaingia. Upande wetu ukapanda jiwe, boti ikasimama kama mlango, na mimi nikaondoka.

Chini ya maji hakuna kelele ile unayoisikia juu. Ni mngurumo mzito, kama lori kwenye daraja. Nilimfikiria yule mwenzetu wa darasa la tano. Sikumfikiria kwa huzuni. Nilijisemea tu, basi hivi ndivyo ilivyokuwa. Kisha jaketi likanivuta juu, nikaona mbingu, nikasikia mtu anapiga kelele "Miguu! Miguu!", nikainua miguu. Kamba ikaniangukia kifuani. Begani, tazama juu, nikavutwa hadi ukingoni.

Mwenzetu mmoja alikuwa na kamera kwenye kofia. Tangu nilipotoka ndani ya boti hadi nilipogusa mchanga ni sekunde 19. Nimeitazama video hiyo mara nyingi kuliko inavyofaa.

Jambo la ufundi nililoahidi

Sisi waandishi wa programu tunajua hadithi hii. Mtu anakwambia seva yake haianguki. Unamuuliza nakala za akiba ziko wapi, anakwambia haihitaji, haianguki. Ukisikia hivyo, kimbia. Waliokomaa kwenye kazi hii huanza na swali lingine: ikianguka, nini kitafuata? Netflix waliandika programu inayoitwa Chaos Monkey, wakaiachia dunia nzima mwaka 2012, na kazi yake ni moja: kuzima seva zao wenyewe, makusudi, saa za kazi, ili wahandisi wazoee kuishi na kuanguka. Yule nahodha aliyetuamuru turuke majini asubuhi alifanya jambo lilelile.

Kila kitu pale Sagana kimejengwa juu ya dhana kwamba utaanguka: jaketi, kofia, kayaki, kamba, mazoezi. Kila kitu kwenye daraja letu la miti kimejengwa juu ya dhana kwamba hutaanguka. Na mto wetu, mwezi wa Aprili, hauna huruma kuliko Tana. Fanya hesabu mwenyewe: mita moja ya ujazo ya maji ni tani moja, na kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya kukusukuma inaongezeka mara nne. Mtoto wa kilo 25 hana la kubishana hapo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji duniani, wengi mno katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Karibu nusu yao hawakuwa wamefika miaka 30. Mwaka huohuo Umoja wa Mataifa ukatenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya kuzuia vifo vya maji. Kabla ya safari hii sikujua kwamba siku hiyo ipo, na sidhani kijijini kwetu kuna anayeijua.

Kamba na mtungi

Nilirudi nyumbani nikaanza kazi. Hatuna pesa za daraja la chuma, na ahadi za daraja hilo tumezisikia kabla ya kila uchaguzi. Lakini kuna vitu ambavyo havihitaji mwanasiasa:

Mtungi wa plastiki wa lita 5, maji kidogo ndani ili urushike vizuri, kifuniko kikafungwa kabisa, kamba ya mita 20 ikafungwa kwenye mkono wake. Basi. Unarusha mtungi, aliye majini anaukumbatia, unamvuta. Mtungi wa lita 20 uliofungwa unaelea vizuri zaidi, ila mtoto hawezi kuurusha mbali. Kanuni ya pili: asiyefunzwa asiruke majini kumfuata mtu. Fikisha fimbo, rusha mtungi, piga kelele. Tukiruka wote tutazikwa wawili.

Pia tumefunga kamba ya kushikilia upande mmoja wa daraja, usawa wa kifua cha mtoto.

Kamba ya kwanza ya mtungi ilidumu siku tisa. Mtu akaona inafaa zaidi kufungia ng'ombe. Mama alikuwa ameniambia itaibiwa, na alifurahi sana kuwa sahihi. Ndiye aliyepata suluhisho: mtungi sasa unakaa kwa mwenye posho mill aliye karibu na daraja, unaning'inia mlangoni, na kila mtoto anayepita anajua uko pale. Jumamosi iliyopita tulifanya mazoezi kwenye maji tulivu ya chini, watoto kumi na wanne na wazazi wao. Walirusha hadi mikono ikauma. Mmoja, msichana wa darasa la tano, alinipiga na mtungi kichwani kutoka mita kumi. Nahodha angemwajiri.

Kwa wanaotaka kwenda

Nendeni. Chukua viatu vinavyofungwa, si ndala, na nguo za kubadilisha. Uliza maswali mawili kabla ya kulipa: kuna mtu wa kayaki? Na mtatufundisha kuanguka kabla ya kuanza? Wakisita kujibu, rudi na pesa zako.

Na kama uko Kisii au Nyamira, na kuna daraja la miti karibu na kwenu, mtungi unao tayari jikoni. Kinachokosekana ni kamba tu.

Nyongeza: Msomaji mmoja ameniuliza kama maji ya kwetu yana mahali pa boti. Yanapo, ila mbali. Gucha na Sondu huingia Ziwa Victoria, na ziwa hutoka kwa mlango mmoja tu, Jinja, Uganda, ambako watu wameshuka Nile kwa boti za mpira tangu miaka ya 1990. Bwawa la Bujagali lililoanza kazi mwaka 2012 na lile la Isimba la mwaka 2019 yalifunika sehemu ya maporomoko yale, lakini yaliyobaki bado yanatosha kukutoa ndani ya boti. Nimemwambia Mama huenda nikaenda huko mwakani. Ameuliza kama nitabeba mtungi.