Sinema ya Kukodi

Mwalimu anapostaafu huondoka na vitu vingi ambavyo si vyake. Mimi niliondoka na chaki nusu boksi, filimbi ya mwalimu wa zamu, na sanduku la vitu nilivyowanyang'anya wanafunzi katika miaka yangu ya ukuu wa shule mkoani Mbeya. Humo mlikuwa na redio ndogo mbili, karata, kioo cha kujitazamia, barua za mapenzi ambazo sikuzisoma zote, na CD moja ya sinema. Nilistaafu mwaka 2009, nikarudi kwetu Iringa, na lile sanduku likakaa chini ya kitanda hadi mwaka jana. Ndipo mjukuu wangu anayesoma Mbeya alipokuja likizo, akalifungua akitafuta waya wa redio.

"Babu," akaniita, "hii umeitoa wapi?" Alikuwa ameishika ile CD huku akijizuia kucheka. Nikamwambia niliikamata bwenini mwaka 2004. Akaniuliza kama niliwahi kuitazama. Nikamjibu kwamba sikuwahi. Akasema, "Sasa ulijuaje kuwa ni mbaya?"

Ndugu msomaji, swali la mtoto mdogo laweza kumkalisha chini mtu mzima. Jioni ile tukaazima deki kwa jirani, tukakaa kuitazama. Na leo nataka kufanya kazi ambayo sijapata kuifanya katika miaka yangu yote zaidi ya sabini: kuhakiki sinema ya kuchekesha ya wavuta bangi.

Inaitwa How High. Ilitoka Marekani Desemba 2001, ikaongozwa na Jesse Dylan, mtoto wa yule mwanamuziki Bob Dylan. Waigizaji wakuu ni wanamuziki wawili wa rapu, Method Man na Redman. Jamii hii ya vichekesho ina babu yake, nayo ni sinema ya mwaka 1978 iitwayo Up in Smoke, ya Cheech Marin na Tommy Chong. Wazee wale wawili walichekesha sana, hata mwaka 2024 Maktaba ya Bunge la Marekani ikaiingiza sinema yao katika orodha ya zile zinazostahili kuhifadhiwa kwa vizazi vijavyo. Lakini mwaka 2003 Tommy Chong huyo huyo alihukumiwa kifungo cha miezi 9 kwa biashara ya vifaa vya kuvutia bangi. Kwa hiyo hata huko kwao kicheko kilikuwa na mpaka wake, na mpaka huo ulilindwa na polisi.

Nianze na hali ya CD yenyewe, maana mhakiki mwaminifu hueleza alichokiona. Jalada lilikuwa fotokopi iliyofifia. Picha ilikuwa imechujuka kama kitenge kilichofuliwa kwa sabuni kali, na chini yake yalipita maandishi ya Kichina. Hapakuwa na mfasiri. Miaka ile katika mabanda ya video watu walizoea kupata sinema iliyokwisha kutiwa Kiswahili, na aliyekuwa mashuhuri kwa kazi hiyo ni Derek Mukandala, ambaye watazamaji walimfahamu kwa jina la Lufufu. Mimi mfasiri wangu alikuwa mjukuu. Matusi aliyaruka. Nilijua ameyaruka kwa sababu alikuwa akinyamaza mahali ambapo waigizaji walisema mengi.

Hadithi ni hii. Kijana Silas ni mganga wa mitishamba mtaani kwao, na hupanda bangi yake nyumbani. Rafiki yake, Ivory, anakufa katika ajali ya kijinga kabisa. Silas anachukua majivu ya marehemu, anayatia kwenye udongo wa mche wake. Siku ya mtihani wa kuingia chuo kikuu anakutana na Jamal, wanavuta pamoja, na hapo mzimu wa Ivory unatokea na kuwapa majibu yote. Wanapata alama za juu kabisa, wanapelekwa Harvard.

Kama mkuu wa shule mstaafu, hapo nilitaka kuzima deki. Nimesimamia mitihani ya taifa kwa miaka mingi. Nimekesha nikilinda bahasha zenye lakiri. Nimeona vibomu vilivyoandikwa mapajani, katika soli za viatu na ndani ya kofia. Lakini mzimu unaosimama nyuma ya dawati na kunong'ona majibu, huo hakuna msimamizi ambaye angeukamata. Mke wangu, aliyekuwa akichambua maharage, akasema, "Mbona unacheka?" Kumbe nilikuwa nacheka.

Nikiri basi kwamba sinema inachekesha. Inachekesha hasa inapomtazama mkubwa. Yumo Dean Cain, aliyeigizwa na Obba Babatundé, mtu mweusi kama wale vijana, mwenye suti iliyonyooka na hasira isiyokwisha. Yeye ndiye anayesimamia nidhamu, na kwa sababu hiyo ndiye mpumbavu wa hadithi. Kila anachokitenda kwa uzito kinamrudia kama mpira uliogonga ukuta. Nilimtambua mara moja. Namna anavyoingia chumbani akiwa amekwisha kuamua, ndivyo nilivyokuwa nikiingia. Namna anavyosikia nusu ya sentensi na kujibu sentensi nzima, hiyo pia ni yangu.

Mahali pamoja hapakunichekesha. Mche ulipowatoka, na mzimu ukaenda zake, vijana wale walifukua maiti ya John Quincy Adams, rais wa sita wa Marekani, wakitumaini kwamba kumvuta mtu mwenye akili kutawapa akili. Mjukuu alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mimi nilinyamaza. Sisi wa Iringa habari ya mifupa ya wakubwa tunaijua kwa namna nyingine. Mtwa Mkwawa alijiua mwaka 1898 ili asikamatwe na Wajerumani, kichwa chake kikachukuliwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulilitaja fuvu hilo katika kifungu chake cha 246, na bado ikapita miaka 35 kabla halijarudi. Lilirudi mwaka 1954, na limehifadhiwa Kalenga, mwendo mfupi tu kutoka mjini. Nimewapeleka wanafunzi pale, nao huingia kwa kelele na kutoka kwa utulivu. Sisemi Wamarekani wasimcheke rais wao. Nasema kicheko nacho kina kwao, na kikisafiri huweza kufika kimechoka.

Tulipokaribia mwisho CD iligoma. Ilikuwa na mkwaruzo. Picha ikasimama, mdomo wa Method Man ukiwa wazi, na deki ikawa inakoroma kama mgonjwa. Mjukuu akaahidi kuitafuta nzima kwenye simu yake. Wakati akihangaika nayo, mimi nilikuwa nimerudi mwaka 2004.

Ilikuwa usiku wa Jumamosi. Vijana wanane wa kidato cha tatu walikuwa wameingiza deki na televisheni ndogo katika stoo ya bweni. Kilichowakamatisha ni kicheko. Mwalimu wa zamu alikisikia kutoka uwanjani, akaja kuniita. Tulipoingia waliruka madirishani, akabaki mmoja, mwembamba, mtoto wa wakulima, ambaye hakukimbia kwa sababu alikuwa anajaribu kuitoa ile CD ndani ya deki. Katika mfuko wa koti lake tulikuta bangi, imefungwa kwenye kipande cha gazeti, si zaidi ya kiganja.

Jumatatu niliita bodi ya shule. Kijana aliomba kusema. Nikamwambia, "Utasema mbele ya baba yako, nyumbani." Jumanne aliondoka na godoro kichwani.

Tafadhali nieleweke. Bangi si mchezo. Nimesindikiza kijana mmoja hadi Mirembe, Dodoma, akiongea na watu ambao sisi hatukuwaona, na alikuwa wa kwanza darasani kwake katika hesabu. Sijui kichekesho kinachoweza kunisahaulisha safari ile. Lakini nikumbuke pia kwamba walimu wangu wawili walikuwa wakija kazini wakinuka ulanzi msimu mzima wa mvua, na kwa hao niliandika barua za onyo, tena kwa maneno ya upole.

Miaka ikapita. Mwaka 2012 nilikuwa safarini kwenda Mbeya, basi likasimama Makambako. Mwanaume mmoja aliyekuwa akipakia magunia ya viazi akanifuata dirishani. "Kamwene, Mwalimu. Shikamoo." Nikaitika, nikamtambua kwa macho yake. Nilijiandaa kwa lawama. Hakulaumu. Aliniambia mambo mawili, upesi upesi, kwa sababu dereva alikuwa anapiga honi.

La kwanza, ile CD ilikuwa ya kukodi. Mwenye duka la video alimdai, na alibeba mizigo wiki mbili hadi akalipa bei yake yote.

La pili alilisema akiwa ameshika ukingo wa dirisha. "Mwalimu, ile ada uliyokuwa unapokea, ulidhani inatoka wapi? Mzee alipanda katikati ya mahindi. Mahindi yalikuwa ya kula na ya kuficha. Kile ulichonikuta nacho ni salio la ada."

Basi likaondoka. Nilifika Mbeya bila kuona njia. Stakabadhi za ada ile zilipita mezani kwangu, nikaziwekea saini kwa kalamu nyekundu. Kwa miaka mitatu shule yangu ilikula kutokana na jani lile, ikanunua chaki na maharage, na siku lilipoonekana katika mfuko wa mtoto tukashtuka kama watu waliokuwa hawajawahi kulisikia.

Hapa ndipo naiona kasoro kubwa ya How High, nayo si matusi wala ujinga wake. Ndani ya sinema ile bangi haina mkulima. Inaota katika chombo nyumbani, inavutwa, inachekesha, imekwisha. Hakuna anayepalilia usiku, hakuna anayelipia daftari kwa fedha yake, hakuna baba anayefungwa. Watazamaji wa kwao huenda hawahitaji kuyaona hayo. Jimbo la Massachusetts, ambako Harvard ipo, wananchi walipiga kura mwaka 2016 kuwaruhusu watu wazima, na maduka ya kwanza yakafunguliwa Novemba 2018. Kwetu sheria ya mwaka 2015 ilikaza zaidi ile ya mwaka 1995, na maofisa huingia mashambani na kuzifyeka ekari kwa ekari. Sinema moja, jani moja, na walioicheka pamoja pande mbili za dunia hawakuwa wakikabiliwa na asubuhi moja.

Lakini kasoro hiyo nami nilikuwa nayo. Mimi pia niliona jani tu, sikumwona mkulima.

Mjukuu aliipata sinema nzima siku ya tatu, na nikaona mwisho wake. Silas na Jamal, mzimu ukiwa umewaacha, wanalazimika kufungua vitabu. Wanahangaika. Silas anaokolewa na dawa aliyoitengeneza mwenyewe katika somo la mimea, dawa inayomfanya anayeinywa aseme kweli. Nilifikiri sana juu ya dawa hiyo. Mkuu wa shule haihitaji. Yeye anahitaji kuuliza swali moja, kisha kunyamaza.

Machi mwaka huu nilipanda basi hadi Makambako. Haikuwa kazi kumpata. Sasa ana banda lake la viazi, mizani, na vijana wawili anaowalipa. Nikaitoa ile CD kwenye bahasha, nikamkabidhi kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha deni. Akaigeuza, akauona mkwaruzo, akacheka kidogo.

"Mwisho wake ukoje, Mwalimu? Mlipoingia tulikuwa hatujafika."

Nikamsimulia pale pale, nimekaa juu ya gunia. Nikamweleza jinsi mche ulivyowatoka, mzimu ukaondoka, nao wakabaki na akili zao tu na vitabu. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akipanga mawe ya mizani kwa ukubwa wake. Kisha akasema, bila uchungu wowote niliousikia, "Basi wao walipewa muda wa kusoma."

Sikuwa na jibu, na sikulitafuta. Akanijazia debe moja la viazi, akakataa fedha. Ile CD aliifungua droo ya meza yake, akaiweka humo pamoja na stakabadhi.